SIRI, AMANA NA RIDHAA: ISTILAHI ZA MAADILI YA USHAURI NASAHA KATIKA MAZINGIRA YA KWALE

1. Utangulizi

Kila taaluma inayoshughulika na kuwasaidia watu katika shida zao hapana budi iwe na kanuni za maadili. Tabibu anazo, wakili anazo, na mshauri nasaha naye anazo. Kwa kawaida kanuni hizo hujadiliwa na wanasheria na wanasaikolojia, na ni nadra kuzikuta katika jarida la lugha. Hata hivyo, kanuni ya maadili, kabla haijawa sheria, ni maneno. Mshauri amwambiapo mtu aliyeketi mbele yake, "Haya ni siri," amekwisha toa ahadi. Na ukubwa wa ahadi hiyo haupimwi kwa waraka uliohifadhiwa Nairobi, bali kwa maana ya neno siri masikioni mwa anayeambiwa.

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza istilahi chache za Kiswahili zinazobeba maadili ya ushauri nasaha, yaani mteja, mshauri, siri, amana na ridhaa, kwa kuzitazama katika mazingira ya Kwale, hususan ukanda wa Diani, Ukunda na Msambweni. Hoja inayotetewa ni kwamba baadhi ya istilahi hizo zimechukuliwa kuwa sawasawa na zile za Kiingereza ilhali zina historia yake zenyewe, na kwamba historia hiyo huweza kumdhuru mtu anayekusudiwa kulindwa.

2. Asili ya kanuni zenyewe

Wazo la kwamba mtibabu asitoe nje aliyoyasikia kwa mgonjwa ni la kale sana. Limo katika kiapo kinachonasibishwa na Hippocrates wa Uyunani. Lakini kanuni za maadili za washauri na wanasaikolojia, zikiwa zimeandikwa na kupitishwa na chama cha wataalamu, ni za karne ya 20. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilichapisha kanuni zake za kwanza mwaka 1953. Mwaka 1984 Karen Kitchener alizikusanya fikra zilizotawala kanuni za namna hiyo katika misingi mitano: kuheshimu hiari ya mtu, kutodhuru, kutenda mema, kutenda haki, na kuwa mwaminifu kwa ahadi. Misingi hiyo mitano imekuwa ikifundishwa katika vyuo vingi tangu wakati huo.

Nchini Kenya, Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ilipitishwa mwaka 2014, nayo ikaweka Bodi ya kusimamia mafunzo, usajili na mwenendo wa wenye kazi hiyo. Kabla yake, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 ilikuwa imekwisha lazimisha ushauri nasaha kabla na baada ya kupimwa virusi, na kukataza matokeo kutolewa ovyo. Baadaye ikaja Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Sheria zote hizi zilitungwa kwa Kiingereza. Kwa upande mwingine, Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo mshauri wa Msambweni husomea maadili yake kwa lugha moja na kuyatekeleza kwa lugha nyingine. Pengo lililopo baina ya lugha hizo mbili ndilo linaloshughulikiwa hapa.

3. Hali ya lugha Kwale

Kwale si mahali pa lugha moja. Chidigo kimeenea ukanda wa pwani na milima ya Shimba. Chiduruma kina nguvu upande wa Kinango. Na kandokando ya bahari zipo lahaja za Kiswahili, yaani Chifundi, na Kivumba cha Vanga na Wasini. Lahaja hizo mbili za mwisho zilielezwa na Lambert katika vitabu vilivyotolewa na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1957 na 1958. Aidha, biashara na utalii vimewaleta Diani wafanyakazi kutoka bara pamoja na wageni kutoka Ulaya.

Katika hali hiyo, Kiswahili cha hospitali huwa ni lugha ya pili kwa wengi wa wanaoingia chumba cha ushauri. Mwanamke wa Kidigo huenda akayaeleza maumivu yake kwa Chidigo, akajibiwa kwa Kiswahili sanifu, kisha maelezo yake yakaandikwa jaladani kwa Kiingereza. Katika kila hatua neno moja huachwa na jingine huchukuliwa, na hapana anayemuuliza kama neno lililochukuliwa ndilo alilolikusudia.

Lisisahauliwe pia jambo la ujamaa. Mshauri aliyezaliwa Msambweni hawezi kukaa kazini mwezi mzima asiingiliwe na binamu yake, au mwalimu wake wa zamani, au mke wa jirani. Kanuni zilizotungwa katika miji mikubwa humtaka mshauri aepuke kumhudumia mtu ambaye ana uhusiano mwingine naye. Ushauri huo ni mwema, ila mahali ambapo karibu kila mtu ni ndugu, kuutii kikamilifu ni kufunga mlango. Hapo ndipo maneno ya ahadi yanapozidi kuwa na uzito, kwa kuwa ndiyo ukuta pekee uliobaki baina ya chumba cha ushauri na baraza ya nyumbani.

4. Maadili na miiko

Kabla ya kuzichambua istilahi moja moja, yafaa kulitazama jina la jambo lenyewe. Neno maadili lina asili ya Kiarabu, nalo linahusiana na uadilifu. Ni neno zuri, lakini lina uzito wa mawaidha. Humwelekeza msikilizaji kwenye tabia njema kwa jumla kuliko sharti maalumu la kazi. Neno mwiko ni tofauti. Katika uganga, mwiko humfunga mganga na mgonjwa pia: kipo chakula kisicholiwa, ipo siku isiyofanyiwa kazi, na mwenye kuuvunja hujiharibia dawa. Neno hilo liliingia katika siasa ya Tanzania kwa nguvu baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, pale iliposemwa miiko ya uongozi.

Mfano ulio hai wa miiko umo Diani kwenyewe. Kaya Kinondo ni miongoni mwa misitu ya Wamijikenda ambayo kadhaa kati yake iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Aingiaye humo hujifunga kaniki, wala haruhusiwi kutoka na kitu chochote, hata jani. Miiko hiyo ilishikwa muda mrefu pasipo kuandikwa, kwa sababu inao wazee wanaoilinda, na kila mtu anajua imewekwa kwa ajili ya nini. Funzo lililopo ni kwamba jamii ya Kwale si ngeni kwa wazo la kanuni zinazomfunga mwenyeji kama zinavyomfunga mgeni. Kilicho kigeni ni waraka usioeleweka lugha yake.

5. Mteja na mshauri

Istilahi iliyozoeleka ya kumtaja mtu anayepewa ushauri nasaha ni mteja. Waliolichagua neno hili walikusudia kumwondolea mtu unyonge wa kuitwa mgonjwa. Mteja ni mtu mwenye hiari, aliyekuja kwa miguu yake na awezaye kuondoka. Nia hiyo ilikuwa njema. Lakini katika pwani ya Kenya neno mteja lina maana nyingine tatu zisizoweza kupuuzwa.

Kwanza, ipo maana ya zamani. Mteja alikuwa mtu aliye chini ya matibabu ya mganga, hasa katika mambo ya pepo. Mara nyingi uhusiano huo haukwisha kwa kupona. Aliyetibiwa alibaki kuwa mtu wa mganga wake, akimwendea na kumtii. Utegemezi wa namna hii ndio hasa unaokatazwa na maadili ya ushauri nasaha, ambayo hutaka mtu asaidiwe mpaka aweze kusimama peke yake.

Pili, katika lugha ya mitaani watumiaji wa heroini huitwa mateja. Katika kaunti ya Kwale jambo hili si dogo: huko Kombani, Matuga, ipo kliniki inayotoa methadoni kwa waliokusudia kuacha dawa hizo. Mtu kama huyo akiambiwa, "Wewe ni mteja wetu," husikia tena lile tusi alilolikimbia. Mshauri amesema neno la heshima, na msikilizaji amepokea fedheha. Wala hapana kati yao aliyekosea sarufi.

Tatu, ipo sauti ya simu inayomwarifu mpigaji kwamba mteja hapatikani. Kutokana nayo Wakenya husema simu ya fulani "iko mteja", yaani imezimwa. Maana hii ni ya mzaha, lakini inaonyesha jinsi neno lilivyokwisha chakaa.

Neno mshauriwa lingeweza kufaa mahali pengi. Linakubaliana na mshauri kwa umbo, wala halina doa. Dosari yake ni kauli ya kutendwa, inayomwonyesha mtu kama chombo cha kutiliwa maneno. Pengine njia bora ni kumwita mtu kwa jina lake, au kwa heshima za mahali pake, kama vile mama, baba, dada au bwana, na istilahi ibaki katika maandishi ya taaluma.

Neno mshauri nalo lina jirani yake wa hatari. Shauri ni mazungumzo ya kutafuta njia; lakini mtu akiambiwa kwa ukali, "Shauri yako," maana yake ni kwamba ameachwa na balaa lake. Msingi wa kuheshimu hiari ya mtu, ukifasiriwa ovyo, huweza kusikika hivyo hivyo. Mshauri asemapo, "Uamuzi ni wako," na mtu asisikie chochote zaidi, huenda akatoka akiamini kwamba amefukuzwa kwa adabu. Hiari kwa Kiswahili huhitaji neno la pili la kuishikilia, mathalani: "Uamuzi ni wako, na mimi nipo."

6. Siri au amana

Istilahi iliyo kiini cha maadili haya ni siri. Kwa Kiswahili siri ni jambo lililofichwa, nalo ni la yeyote alijuaye. Methali husema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata: kata imeingia ndani ya mtungi, ikajua, na kujua huko ni kwake. Methali haisemi lolote juu ya wajibu wa kata. Isitoshe, siri ina harufu ya aibu. Jambo jema halifanywi siri. Hivyo mtu akiambiwa kwamba maradhi yake yatawekwa siri, papo hapo huarifiwa kwamba maradhi hayo ni ya kufichwa. Kisha husikia kutoka upande wa pili methali isemayo mficha uchi hazai, na ile isemayo mficha maradhi kifo humfichua. Anaambiwa afiche na anaambiwa asifiche.

Amana ni neno la namna nyingine. Amana ni kitu kilichowekwa kwa mtu ili kitunzwe, na mwenyewe bado ni yule aliyekiweka. Hakina aibu, watu huweka amana fedha, dhahabu na hati za shamba. Katika fikihi, aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuitumia wala kumpa mtu mwingine bila idhini ya mwenyewe. Ikipotea bila uzembe wake hadaiwi. Ikipotea kwa uzembe hudaiwa. Avunjaye amana huitwa haini, na neno hilo ni zito kuliko neno lolote linaloweza kumwangukia mtoboa siri, ambaye aghalabu huitwa mmbeya tu.

Tofauti hii ina matokeo katika kazi. Mshauri anayefikiri kwa neno siri hujiuliza, "Je, nimemwambia mtu?" Asipokuwa amesema, hujiona salama. Mshauri anayefikiri kwa neno amana hujiuliza pia: Jalada limelala wapi? Kabati limefungwa? Nani alisikia jina likiitwa kwa sauti kibarazani? Je, nimekitumia kisa cha mtu kuchangamsha mazungumzo, hata kama sikumtaja? Maswali hayo yote yamo katika Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini yalikuwamo katika neno amana kabla ya sheria hiyo.

Huenda ikadaiwa kwamba amana ni neno la Waislamu, na kwamba Kwale wapo pia Wakristo na wafuasi wa dini za jadi. Dai hili halina nguvu sana. Neno limo katika Biblia ya Kiswahili, na mabenki hulitumia kila siku kwa fedha za watu wa dini zote. Ni neno la Kiswahili kamili.

7. Ridhaa, idhini na kimya

Maadili hutaka mtu asipimwe, asihojiwe wala habari zake zisitolewe mpaka akubali, na kukubali huko kuwe kumetokana na kujua. Watafsiri wametumia idhini, kibali na ridhaa bila kuzitofautisha. Lakini idhini na kibali hutolewa na mwenye mamlaka kumpa aliye chini yake. Ridhaa ni ya moyo, ni kutoshurutishwa. Karatasi yenye kichwa "Fomu ya Kibali" humfanya mtu aamini kwamba serikali inampa yeye kibali, ilhali yeye ndiye mtoaji.

Ugumu wa pili ni kimya. Katika fikihi ya ndoa, mwanamwali aliyeulizwa akanyamaza huhesabiwa kuwa ameridhia, kwa sababu haya humzuia kusema. Desturi hiyo inajulikana sana pwani. Lakini chumba cha ushauri si mahali pa posa. Msichana aliyeinamisha kichwa mbele ya mshauri huenda ana haya, huenda ana hofu, huenda hakuelewa hata neno moja. Aliyelelewa katika desturi ile huweza, pasipo nia mbaya, kukisoma kimya hicho kama ndiyo. Kwa hiyo kanuni ya Kiswahili inapaswa kutamka wazi jambo ambalo ya Kiingereza haikuona haja ya kulitamka: katika kazi hii kimya si ridhaa.

Ugumu wa tatu ni nani mwenye kuridhia kwa niaba ya mtoto. Sheria hutaja mzazi au mlezi. Kwa mila ya Wadigo, ambao zamani walirithishana kwa upande wa mama, mjomba alikuwa na kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake, na heshima hiyo haijafutika kabisa ijapokuwa sheria za Kiislamu zimeupa upande wa baba nguvu. Mtoto akiletwa na mjomba wake, mshauri hana budi kujua sheria inasema nini, na papo hapo ajue asimdhalilishe mzee aliyekuja kwa nia safi.

8. Mipaka ya amana

Amana ina mpaka. Plato aliuliza zamani kama ni haki kumrudishia rafiki silaha aliyoiweka akiwa na akili timamu, ikiwa sasa ameijia akiwa na wazimu. Swali hilo lilirudi katika mahakama ya California. Mwaka 1969 mwanafunzi mmoja mwanamke, Tatiana Tarasoff, aliuawa na kijana aliyekuwa amemweleza mwanasaikolojia wake nia ya kumwua. Polisi wa chuo waliarifiwa, lakini mwanamke mwenyewe hakuonywa. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliamua kwamba mtibabu ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda mtu aliye hatarini.

Kenya nayo imejifunza kwamba mpaka huo ukiandikwa kwa maneno yasiyo wazi, huleta dhuluma. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 kilimlazimu mwenye virusi kumwarifu kila aliyekutana naye kimwili, na kikaruhusu tabibu kutoa habari hizo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Na sababu mojawapo ilikuwa ya kilugha: maneno ya kutaja kukutana kimwili hayakuelezwa maana yake, hata mtu asingeweza kujua ni tendo gani lingemtia hatiani. Wanaodhani kwamba istilahi ni mapambo ya wasomi wana jibu lao katika hukumu hiyo.

Huko Diani mpaka wa amana hujaribiwa zaidi na jambo moja. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2006 na UNICEF pamoja na Serikali ya Kenya ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wakiingizwa katika biashara ya ngono nyakati fulani. Chukua mfano wa kubuni wa msichana wa miaka 15 wa Ukunda. Amekuja kupimwa. Sheria ya mwaka 2006 humruhusu mtoto ambaye mwenendo wake unamweka katika hatari ya kuambukizwa aridhie mwenyewe kupimwa. Lakini Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ya mwaka huo huo, haitambui ridhaa yake katika tendo lililomleta pale, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inataka alindwe. Basi ndiye mwenye ridhaa na ndiye asiye na ridhaa, katika kiti kimoja, saa moja.

Ikiwa mshauri amemwambia mwanzoni, "Siri yako haitatoka hapa," amemwahidi jambo asiloweza kulitimiza. Akinyamaza, amemwacha mtoto mikononi mwa wanaomtumia. Akisema, amekuwa mwongo, na msichana yule hatarudi. Na wenziwe wataambiwa. Kosa halikufanywa pale mshauri alipochukua hatua. Lilifanywa katika sentensi ya kwanza.

9. Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba maadili ya ushauri nasaha hayahamishwi kutoka lugha moja hadi nyingine kama mzigo unaohamishwa kutoka gari moja hadi jingine. Neno mteja limebeba pepo na heroini. Siri imebeba aibu. Kibali kimemgeuza mtoaji kuwa mwombaji. Na kimya kimehesabiwa ndiyo. Kwa upande mwingine, Kiswahili kina maneno mwiko, amana na ridhaa, ambayo watu wa Kwale waliyajua na kuyaheshimu kabla ya chama chochote cha wataalamu kuandika kanuni.

Kazi inayowangoja wanaisimu ni ya kutenda. Waraka wa maadili wa Kiswahili haufai kuwa tafsiri inayofanywa baada ya mambo yote kwisha. Utungwe pamoja na washauri, wauguzi, makadhi, wazee wa kaya na vijana wenyewe, kisha usomwe kwa sauti mbele ya wasemaji wa Chidigo na Chiduruma ili ijulikane walichokisikia. Kwa kuanzia, sentensi ya kwanza ya mshauri ingeweza kuwa hivi: "Utakaloniambia nitaliweka kama amana. Nikiona uhai wako au wa mwingine umo hatarini, nitamwambia mwenye uwezo wa kulinda, na wewe utakuwa wa kwanza kujua." Hapana neno gumu ndani yake, na msichana wa Ukunda angelijua, kabla hajafungua kinywa, ni nini anachokiweka na kwa nani.